Mji Uliokufa Mara Tisa

Tukubaliane mapema ili tusisumbuane mbele: siku hiyo mjinga alikuwa Maduhu, na hakuwa na wa kumsingizia. Ziwa lilikuwa limetulia. Jua la saa tano lilikuwa linawaka kwa adabu. Boti ilikuwa nzima na nahodha hakuwa amelewa. Kila kitu asubuhi hiyo kilikuwa na akili zake isipokuwa yeye, aliyekaa mbele kabisa na kofia ngumu ya uokozi kichwani, filimbi shingoni, na masanduku mawili ya mishumaa katikati ya miguu.

"Haya, tumefika," alisema nahodha, akazima mota.

Maduhu akatazama mbele. Maji. Akatazama kulia. Maji. Kushoto palikuwa na mnandi mmoja juu ya boya, amekunjua mabawa kuyakausha, anamwangalia kama mtu aliyekata tiketi na anangoja kichekesho kianze.

"Tumefika wapi, mama?"

"Hapo ulipoandika. Lugongo Mashariki, mjini kabisa. Ukitaka sokoni shukia upande huu. Ukitaka stendi, ule."

Nahodha alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amejifunga kitenge kibwebwe, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo. Jina lake Nyanjura. Alfajiri, alipompakia Maduhu gatini Mwanza, alisema tu kwamba anapajua anakokwenda. Hakusema kwamba anajua pia kinachompeleka.

Maduhu akatoa simu yake. Alama nyekundu ilikuwa imetulia palepale, juu ya jina la mji, na kitone cha buluu, yaani yeye mwenyewe, kimeikalia katikati.

"Mama, usinitanie. Hapa pana mji. Una taa elfu moja mia moja na kumi na nne. Nimezihesabu mwenyewe."

Nyanjura akageuka taratibu. Uso wake ulikuwa unafunguka kama dirisha.

"Kumbe ni wewe!"

"Mimi nini?"

"Kule kisiwani tunakuita Mwanzilishi. Miezi tisa tunakuombea dua na jina lako hatulijui. Karibu mjini kwako, mwanangu. Sasa vua hicho chungu kichwani nikupeleke kijijini, kwa sisi watu wa kawaida."

Mnandi akaruka. Pengine aliona ametosheka.

*

Lazima niseme hapa mji huo ulianzaje, maana Maduhu mwenyewe aliambiwa ukweli akiwa bado kwenye boti, na alihitaji kisiwa kizima kipite mbele ya macho yake ndipo aumeze.

Huko juu, kilomita mia tano kutoka kichwani kwa kila mtu, kulikuwa na setilaiti ndogo kama jokofu iliyoitwa Kurumbiza ya Nne. Ilipita juu ya Ziwa kila usiku na kazi yake ilikuwa moja tu, kutazama taa. Kihisi chake kiliweza kuona karabai moja gizani. Kanuni zake zilikuwa fupi. Taa zikiwaka mahali usiku ishirini mfululizo, hapo ni makazi. Makazi yakizimika usiku tatu mfululizo, hayo ni maafa. Maafa yakitangazwa, hakuna anayepigiwa simu wala anayebembelezwa. Zahanati ya Hewani inapaa yenyewe na daktari wake, dawa zake, blanketi zake na chumba chake cha upasuaji, inakwenda kutua hapo, na haiondoki mpaka taa zirudi kuwaka usiku mbili. Watu wengi walikuwa hai kwa sababu ya kanuni hizo. Setilaiti haisubiri barabara ikauke ndipo ilete habari.

Tatizo lililowasumbua wahandisi mwanzoni lilikuwa mwezi. Mwezi ukijaa, mabati yanang'aa, mchanga unang'aa, maji yanang'aa, na kihisi hakijui kipi ni taa na kipi ni urembo. Basi wakatunga programu inayojua umri wa mwezi kila usiku. Inapima mwanga wake, inauondoa kwenye picha, usiku wote unabaki wa rangi moja. Kazi safi sana ile. Aliyekaa mbele ya skrini Mwanza hakuwa na namna yoyote ya kujua kama jana yake mwezi ulikuwepo au la.

Na aliyekaa mbele ya skrini alikuwa Maduhu, mpanga-alama daraja la pili, mtoto wa Maswa, aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Ilikuwa saa saba mchana na tumbo linamdai. Programu ikamletea taa elfu moja na zaidi, mashariki ya kisiwa cha Lugongo, zimepangika kwenye mistari minyoofu yenye njia katikati. Ikamuuliza: hiki ni nini? Maduhu akaona mitaa. Ramani ilionyesha maji, lakini ramani ilikuwa ya zamani na Ziwa siku hizi hupanda na kushuka linavyotaka. Akabonyeza "mji". Programu ikaomba jina. Akaandika Lugongo Mashariki, akaenda kula.

Alikula ugali na dagaa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Dagaa aliwala mara tatu kwa wiki tangu aote meno, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza wanavuliwaje.

"Wanafuata taa," Nyanjura alikuwa anamweleza, mkono kwenye usukani. "Kila mtumbwi una karabai zake, siku hizi za jua, lakini sisi bado tunaziita karabai. Ile mistari uliyoona ni koo. Huu mstari wa kina Mafuru, ule wa kina Masatu. Mtu hatupi wavu kwenye taa ya mwenzake, na katikati tunaacha njia ya kupita. Mitaa, basi, umekosea kidogo tu."

"Na zinapozimika?"

"Mbalamwezi, mwanangu! Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa. Dagaa afuate ya nani? Tunavuta mitumbwi ufukweni, kule mwaloni, tunapumzika siku kumi, tunaoa, tunaolewa, tunashona nyavu. Siku ya nne Shangazi anatua."

"Shangazi?"

"Ile zahanati yenu. Inakuja bila kualikwa, imebeba zawadi, inakagua watoto wa watu meno, halafu inaondoka. Wewe ungeiitaje?"

Maduhu alivua kofia ngumu. Alikumbuka keki. Mwezi wa pili baada ya kuupa mji jina alipewa cheti kikubwa chenye muhuri wa dhahabu, Mgunduzi wa Makazi, kikakatiwa keki ofisini, na mama yake alikitundika sebuleni juu ya redio. Mtu aliyewahi kupongezwa kwa kosa anajua ladha ya keki hiyo inavyorudi kooni.

*

Mwaloni palikuwa na sherehe, tena si moja. Bwana harusi wawili, bibi harusi wawili, ngoma tatu, na moshi wa sato wanaochomwa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani bega kwa bega, mamia kwa mamia, karabai zimening'inia kwenye miti ya kuanikia, zimezimwa. Maduhu alizitazama taa zake elfu moja mia moja na kumi na nne zikiwa zimelala mchana kweupe kama popo.

"Mwanzilishi amekuja!" Nyanjura alipaza sauti kabla boti haijagusa mchanga.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakahama. Akashikwa mikono, akakalishwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akaletewa ugali wa muhogo mkubwa kama kichuguu. Mishumaa yake ilipokelewa kwa shukrani na kuwekwa kwenye meza ya maharusi.

"Kula, Msukuma," alisema mzee mmoja mchangamfu wa kina Mafuru. "Tumesikia nyinyi ugali mnapanda kwa ngazi."

"Hatupandi, mzee wangu. Tunauzunguka, tunaingilia nyuma."

Wakacheka naye, na moyo wake ukazidi kuwa mzito, maana ni vigumu kuwa mkaguzi wa watu waliokwisha kukulisha.

Saa saba Shangazi akatua. Alikuja kutoka kusini, wa kijivu, mnene, mpole, kama bilinganya iliyoamua kusafiri, akajishusha kwenye uwanja wa mpira na kufungua mlango wa ubavuni. Foleni ilikuwa imekwisha kupangwa. Wenye meno huku, wenye macho kule, wajawazito kwenye kivuli, na wazee mbele ya wote. Kulikuwa na kamati. Nyanjura alikuwa mwenyekiti wake, na jina la kamati lilikuwa Kamati ya Giza.

Daktari aliyeshuka alikuwa Kokushubila, Mhaya mrefu mwenye miwani, ambaye alisalimia nusu ya foleni kwa majina. Akina mama wakamsogezea watoto awaone walivyokua. Maduhu alitambulishwa kwa Gizani, miezi saba, na Kurumbiza, miezi mitano, aliyemshika pua na kukataa kuiachia.

"Hawa wote wamezaliwa ndani ya Shangazi," Nyanjura alisema. "Kumi na tisa. Kabla yake tulikuwa tunavuka na boti mpaka ng'ambo, saa sita, ziwa likikubali."

Mama yake Gizani akamkaribisha ndani aone cheti cha kuzaliwa, kilichowekwa kwenye fremu ukutani kando ya kalenda. Shangazi alikuwa na mashine yake ya vyeti na hakuondoka kabla ya kumwandika mtoto. Maduhu alisoma jina la mtoto, jina la baba, jina la mama. Aliposoma mstari wa mahali pa kuzaliwa, alisogea karibu, akasoma tena, kisha akatoka nje kutafuta hewa.

*

Kwenye mkoba wake kulikuwa na kishikwambi, na kwenye kishikwambi kulikuwa na fomu ya uhakiki wa ardhini, aliyotumwa nayo baada ya mji kuzimika mara ya tisa. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. *Mji upo. Mji haupo.*

Akibonyeza cha kwanza, angerudi Mwanza na heshima yake, cheti kingebaki juu ya redio, na Shangazi angeendelea kutua hapa kila mwezi ukijaa. Nani angejua? Mji ungeendelea kufa na kufufuka, na yeye angeendelea kula dagaa wake. Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu ya kioo.

Alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha Shangazi, na ukuta ule ulikuwa mwembamba. Ndani alimsikia Daktari Kokushubila.

"Nyangeta, mmoja amekaa vizuri. Wa pili amelala kimshazari, kama baba yake kwenye mkeka. Mwezi ujao nikija tutakupasua kidogo, tuwatoe wote wawili wakiwa wanalia. Usivuke na boti. Umenielewa? Nisubiri."

"Nitasubiri, Daktari," sauti ya mwanamke kijana ilijibu. "Baada ya safari ile, mimi kwenye boti sipandi tena."

Nyanjura alikuwa amesimama nyuma ya Maduhu bila yeye kusikia.

"Huyo ni binti yangu," alisema. Mara hii hakupaza sauti. "Mjukuu wangu wa kwanza tulimpoteza katikati ya maji, tukiwa tunaziona taa za ng'ambo. Mwaka juzi. Tukaomba zahanati, kwa mara ya sijui ngapi. Tukajibiwa kwamba picha zinaonyesha Lugongo ni kaya arobaini."

"Mko wangapi?"

"Elfu nne."

"Sasa kwa nini hazionekani taa za nyumbani?"

"Kwa sababu usiku wa kuvua mwanamke wa hapa hawashi taa nje. Ukiwasha, dagaa wanakuja ufukweni kukutembelea na mume wako kule anavua maji. Bibi zetu walifanya hivyo, na sisi tunafanya hivyo. Na mbalamwezi tunakaa nje bila taa, ya nini?" Akacheka kidogo. "Kwa hiyo setilaiti yako imetuona pale ambapo hatupo, na hapa tulipo haituoni. Halafu umekuja wewe na mishumaa."

Maduhu alitaka kucheka, akashindwa. "Mama, kwa hiyo nibonyeze mji upo. Niwaache mlivyo."

Hapo Daktari Kokushubila alitokea mlangoni, anavua glavu. Alikuwa amesikia, nimeshasema ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mwambie habari za Bukimwi," alimwambia Nyanjura.

"Mwambie wewe. Mimi nikisema naona haya."

Daktari akakaa kwenye ngazi ya Shangazi. "Mwezi uliopita mto ulivunja kingo Bukimwi, bara, watu wakapanda juu ya paa la shule. Usiku wa tatu wa giza lao Kurumbiza ikatangaza maafa. Lakini Shangazi alikuwa hapa, kwenye maafa yaliyotangulia, na kanuni hainiruhusu kuondoka kabla taa za Lugongo Mashariki hazijarudi. Injini haziwaki. Hapa nilikuwa nang'oa magego na kula pilau ya harusi, na kule watu wako juu ya paa."

"Mungu wangu. Ikawaje?"

"Muulize huyu."

Nyanjura aliangalia miguu yake. "Niliwatoa wanaume kwenye harusi. Wote. Wamevaa suti. Nikawaambia mitumbwi majini, karabai ziwashwe. Mbalamwezi imewaka kama mchana na sisi tupo ziwani tumewasha taa, hakuna dagaa hata mmoja, mitumbwi yote inaimba nyimbo za harusi. Usiku mbili. Ndipo mji ukafufuka na Shangazi akaruhusiwa."

"Watu wa Bukimwi walikuwa hamsini na wanne," alisema Daktari. "Wamekaa juu ya bati siku tano, wanapokezana kuimba ili watoto wasisinzie wakaanguka. Hakufa mtu. Niliwakuta wamekauka sauti."

Ngoma za harusi zilisikika kutoka mwaloni.

"Hakufa mtu," Nyanjura alirudia. "Safari hiyo. Tangu siku ile, mwanangu, nikilala nasikia bati. Ndiyo maana ulipoandika kwamba unakuja kukagua, nilijitolea kukufuata mimi. Sikukufuata nikuhonge kwa ugali. Ugali ni ugali tu. Nimekufuata useme kweli." Akanyosha kidole kwenye ukuta wa Shangazi. "Lakini usiseme kweli nusu. Ukisema mji haupo ukanyamaza, Nyangeta atavuka na boti."

Maduhu aliangalia fomu. *Mji upo. Mji haupo.* Aliyetengeneza fomu ile, naye alikuwa na njaa siku hiyo.

Akaifunga. "Daktari, Shangazi ana skrini ya kuongea na ofisini?"

"Ana kubwa tu."

"Naomba. Na mama, njoo usimame karibu yangu. Nikianza kutetemeka unifinye."

*

Mkurugenzi Shemweta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Lushoto mwenye kalamu tatu zilizolingana mezani pake, anayependa kila kitu duniani kiwe na kisanduku chake. Alitokea kwenye skrini ya Shangazi na uso wa msiba, tayari.

"Mkurugenzi, shikamoo."

"Marahaba, Maduhu. Pole sana. Wamekufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa, mkurugenzi. Wawili wameoa."

Shemweta aliweka kalamu chini. "Umeme umekatika?"

"Haujawahi kuwepo. Zile taa ni karabai za dagaa. Mji wote ni mitumbwi. Mwezi ukijaa wanapumzika, sisi tunadhani wameangamia. Tungejua, ila mwezi tuliufuta sisi wenyewe kwenye picha." Akavuta pumzi. Nyanjura akamfinya kabla hata hajatetemeka. "Na aliyeandika mji ni mimi. Ilikuwa saa saba. Nilikuwa na njaa."

Nyuma yake Kamati ya Giza nzima ilikuwa imejazana mlangoni, na bibi harusi mmoja na shela lake.

"Kile cheti..." alianza Shemweta.

"Nitakirudisha. Keki siwezi."

Mtu fulani mlangoni akapaliwa na kicheko. Shemweta alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Nashukuru kwa kusema," alisema hatimaye, na kweli alishukuru. "Basi ni rahisi. Naufuta mji sasa hivi. Kengele haitalia tena, na Zahanati inarudi kituoni."

"Kengele isilie, sawa kabisa," Maduhu aliwahi. "Turudishe mwezi kwenye hesabu, tuandike aina mpya: taa za majini. Nitaiandika mwenyewe, usiku na mchana. Lakini Zahanati ije hapa kwa ratiba, mkurugenzi, si kwa kengele. Siku tatu kila mbalamwezi, watu wakiwa nchi kavu. Mahali pengine pakiita kwa maafa ya kweli, inaondoka dakika hiyo hiyo, hakuna kusubiri taa."

"Hata kama nina mtu mezani nimemfungua?" aliuliza Daktari.

"Unamshona kwanza."

"Hapo sawa."

Shemweta alitikisa kichwa. "Ratiba hupewa mahali penye watu. Kisiwa kina kaya arobaini. Huo mji wako wa majini una sifuri."

"Tuko elfu nne, baba," alisema Nyanjura. "Hatuwashi taa nje usiku wa kuvua. Ni mila yetu."

"Nakuamini, mama."

"Basi andika."

"Kuamini ni kwangu mimi. Mfumo haujui mila. Nikianza kuandika watu kwa kuambiwa, kesho kila mwenye mdomo ataniletea mji wake, na Zahanati ni moja. Bukimwi hawakuniambia kitu, walionekana. Hiyo ndiyo haki ya mfumo. Anayejua kuongea na asiyejua wanahesabiwa sawa."

Hapo alikuwa na hoja, na watu wote waliojazana mlangoni waliihisi. Maduhu alimwona Nyanjura ameikunja pembe ya kitenge mkononi, anaifungua, anaikunja tena. Nyuma ya pazia Nyangeta alikuwa amekaa kitandani, mikono imezunguka tumbo lenye watu wawili ambao mfumo ulikuwa haujawasikia.

"Kwa hiyo hata tukitoka sote tukasimama hapa nje?" aliuliza mzee wa kina Mafuru.

"Kurumbiza inaona taa, mzee wangu. Haioni watu."

"Tuwashe taa nyumbani mwezi mzima?"

"Tutakula nini?" alijibu Nyanjura kabla Shemweta hajafungua mdomo.

Mkurugenzi akavaa miwani yake. Alionekana mtu anayetafuta mlango na hataki kuvunja ukuta. Akachukua kalamu moja kati ya zile tatu.

"Sikilizeni. Fomu ya ratiba hii hapa mbele yangu. Mimi si jiwe. Nipeni mtu mmoja tu, mmoja, ambaye mfumo wangu wenyewe unamjua kuwa ni mtu wa Lugongo Mashariki, kwa karatasi yetu sisi, si kwa maneno yenu. Nitatia sahihi mkiwa mnaniona. Lakini hayupo. Hawezi kuwepo. Mji wenyewe haupo!"

Maduhu akafungua mdomo, maana alikuwa amekumbuka fremu iliyo kando ya kalenda. Hakuwahi kusema neno. Nyanjura alikwisha kugeuka mlangoni, akampokonya mama yake Gizani mtoto, akamwinua mbele ya skrini mpaka uso wa mkurugenzi wote ukafunikwa na mashavu.

"Mmoja, baba? Wako kumi na tisa, na vyeti mmewaandikia nyinyi wenyewe, mahali pa kuzaliwa Lugongo Mashariki, na muhuri juu. Au utaniambia Shangazi miezi yote hii alikuwa anazalisha dagaa?"